Nywele Nazo Zina Habari: Tuziandikie Daftari

Nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu jambo ambalo wengi huliona dogo. Shauri langu ni hili: kila mwanafunzi alalaye bwenini awe na daftari la kuandika habari za nywele zake na ngozi ya kichwa chake, mistari mitano tu kila Jumapili.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Nywele zetu ni fupi kama nyasi za kiwanja cha mpira, tuandike nini?" Ni kweli kwamba shule nyingi za serikali hapa Tanzania huwataka wanafunzi wakate nywele fupi, nasi tunaitii amri hiyo. Lakini kukata nywele si kuondoa kichwa. Ngozi iko palepale, na kwa kuwa iko wazi, ni rahisi zaidi kuona iwapo ina mba, vipele au mabaka.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba nywele huchelewa kusema. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wo wote. Lakini mtu akishikwa na homa kali, nywele nyingi huweza kung'oka miezi 2 au 3 baadaye. Mwanafunzi aliyeugua malaria mwezi wa Machi huenda akaona nywele zimejaa kwenye kitana mwezi wa Juni. Hapo atalaumu sabuni, atalaumu maji ya kisima, na pengine atamlaumu mwenzake wa kitanda cha jirani kwamba ana kijicho. Kumbe sababu ni homa aliyokwisha isahau, nazo nywele aghalabu hurudi zenyewe. Angekuwa na daftari, angefunua kurasa chache nyuma na kuiona. Naye jirani angepona lawama isiyo yake.

Sababu ya pili ni mapunye. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wadogo, lakini hata katika mabweni ya sekondari waweza kuonekana. Huletwa na kuvu, si mdudu, wala si laana. Kuvu hiyo huingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana dawa ya kupaka peke yake haitoshi; mgonjwa hupewa na mganga wa hospitali vidonge vya kumeza kwa majuma 6 au 8, na pengine zaidi. Na hapa ndipo wengi huangukia. Baada ya majuma mawili muwasho hupungua, mgonjwa hujiona amepona, huacha vidonge, na ugonjwa hurudi. Mwenye kuandika tarehe aliyoanza, na kutia alama kila siku aliyomeza, hadanganywi na nafuu ya siku chache. Tena akienda zahanati akiulizwa, "Ilianza lini?" hatajibu, "Zamani kidogo." Atajibu kwa tarehe.

Linaloniuma zaidi ni jinsi tunavyowatenda wenye ugonjwa huo. Huitwa wachafu, huogopwa, nao huficha vichwa vyao chini ya vitambaa mpaka ugonjwa uenee bweni zima. Mficha uchi hazai. Lakini wa kulaumiwa si yeye peke yake. Ni sisi tuliomfanya aone haya. Mara nyingi ugonjwa umetoka kwenye mashine ya kunyolea iliyopita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa, au kwenye kitana cha kuazimana. Basi katika daftari tuandike pia siku tuliyonyolewa, na kama mashine ilisafishwa kwa dawa kabla ya kutugusa. Wembe ndio usiazimwe kabisa, maana huweza kuchukua damu ya mmoja na kumpa mwingine maradhi makubwa kuliko mapunye.

Kuweka daftari la kila siku si jambo geni katika mji huu wa Tabora. Pale Kwihara, karibu na mji wetu, David Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, naye aliendelea kuandika habari zake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Kongo, karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani. Alifariki mwaka 1873, lakini wenzake, akina Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake pamoja na maandishi yake mpaka pwani, na mwaka 1874 yakachapishwa kuwa kitabu. Sisi hatukukosa karatasi. Nyuma ya kila daftari la hesabu kuna kurasa tupu.

Watakaomaliza Kidato cha Nne wana haja zaidi. Wengi wetu tukifika nyumbani tutafuga nywele, tutasuka, na wengine watatia dawa za kunyoosha. Dawa hizo huweza kuunguza ngozi, na misuko ya kukaza sana hung'oa nywele za pembeni hata zisiote tena. Mwenye kumbukumbu za kichwa chake kabla ya mambo hayo ataona mapema dalili ya kwanza, naye ataacha kabla ya hasara.

Wengine watasema haya ni majivuno. Mimi nasema sivyo. Mwenye majivuno hutazama kioo ili asifiwe. Mwenye daftari hutazama kichwa ili ajue. Nawaomba viongozi wa mabweni jambo moja tu: daftari hili liwe siri ya mwenyewe, lisisomwe na mtu ila muuguzi au matroni, na kwa idhini ya mwenyewe. Pasipo siri hakuna atakayeandika kweli.

Basi tuanze Jumapili ijayo. Andika tarehe, sabuni na mafuta uliyotumia, siku uliyonyolewa, ugonjwa uliokupata, na hali ya utosi na kisogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ndiyo mali ya kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne