Manjano na Maumivu ya Magoti: Si Dharau, Si Chumvi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo uzee huyakutanisha. Viungo ni iliki, mdalasini, pilipili manga na manjano yanayotiwa chunguni. Viungo pia ni magoti, nyonga na vidole vinavyouma kadiri umri unavyosonga. Pengine ndiyo maana dai kwamba viungo vya kwanza huponya vya pili haliwashangazi wengi. Sokoni, barazani, na siku hizi zaidi katika simu za mkononi, wazee huambiwa kwamba kijiko cha manjano katika maziwa ya moto kila asubuhi hurudisha gegedu iliyolika, husafisha damu na kuchelewesha uzee. Mzee huamini, hutumia, kisha anapofika kliniki hanyanyui mdomo kulisema. Ukimya huo una hatari kubwa kuliko manjano yenyewe, na wa kuuvunja kwanza ni mtabibu.

Anayeyaamini manjano hastahili kuitwa mjinga. Mmea huu wa ukoo wa tangawizi, wenye asili ya Asia ya Kusini, ulivuka Bahari ya Hindi na kuwa mwenyeji wa Afrika Mashariki tangu zamani. Hulimwa Unguja na Pemba, na pia katika milima ya Usambara upande wa Muheza. Hutia rangi mchuzi na wali, na katika nyumba nyingi za pwani huchanganywa na liwa kumsugulia bibi harusi. Mtu aliyeyajua tangu utotoni huyaamini kuliko kidonge kilichofungwa katika karatasi yenye maandishi asiyoyaelewa.

Sayansi nayo haikuyapuuza. Mwaka 1815 wanakemia Vogel na Pelletier walitenga kutoka katika manjano kiini cha rangi yake, ambacho leo huitwa kurkumini. Umbo lake la kikemia likafahamika mwaka 1910. Tangu hapo maabara nyingi zimeonyesha kwamba kurkumini, ikimiminwa juu ya chembe hai, hupunguza baadhi ya kemikali zinazochochea mchochota, yaani ile hali ya kiungo kuvimba, kupata joto na kuuma. Lakini chembe zilizo katika kisahani cha maabara si goti la bibi anayepanda ngazi. Kati ya kisahani na goti kuna tumbo, utumbo, ini na damu, na kurkumini nyingi hupotea njiani.

Goti lenyewe linahitaji kueleweka kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 waliishi na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na goti ndilo lililoathirika zaidi. Katika ugonjwa huu gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, hupungua. Mfupa ulio chini yake hubadilika. Misuli inayoshika goti hulegea. Na utando wa ndani wa kiungo huweza kuvimba na kujaza maji. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuirudisha gegedu iliyokwisha kulika, iwe ya hospitali au ya jikoni. Kwa hiyo yeyote anayeuza manjano kwa ahadi ya kuotesha gegedu upya anauza kisichokuwepo. Swali la haki ni dogo zaidi: je, manjano hupunguza maumivu?

Hapa jibu linawapa wapenzi wa manjano sababu ya kutabasamu, ingawa si kwa kicheko. Nchini Thailand, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 367 wa magoti katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa ibuprofeni miligramu 1,200 kwa siku, na jingine kiini kilichokamuliwa kutoka katika manjano, miligramu 1,500 kwa siku. Baada ya wiki 4 nafuu ya makundi hayo ilikaribiana, na waliopewa manjano walilalamikia tumbo kwa uchache zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Hobart, Australia, walitoa matokeo ya wagonjwa 70 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliotumia kiini cha manjano walipata nafuu ya maumivu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, picha za goti hazikuonyesha tofauti katika maji yaliyojaa ndani yake wala katika gegedu. Maumivu yalipungua, ugonjwa ukabaki palepale.

Matokeo hayo yana thamani, ila yana mipaka ambayo wauzaji huiruka. Waliochunguzwa ni wachache na muda ulikuwa mfupi, ilhali maradhi haya hudumu miaka. La muhimu zaidi, walitumia kiini kilichokolezwa kiwandani. Unga wa manjano una kurkumini takriban asilimia 3 tu. Kijiko kidogo cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi, na mtu akitaka kufikia miligramu 1,000 kwa siku atahitaji vijiko zaidi ya 10. Hapana chungu cha familia kinachostahimili hivyo. Ni kweli kwamba pilipili manga husaidia: jaribio dogo lililofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka 1998 lilionyesha kwamba piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, iliongeza kiasi cha kurkumini kinachoingia katika damu kwa asilimia 2,000. Lakini ongezeko kubwa la kitu kidogo mno huweza kubaki kitu kidogo. Kwa hiyo mchuzi wa manjano ni chakula kizuri, wala haulingani na dawa iliyopimwa Thailand.

Kuhusu uzee, ushahidi ni mwembamba zaidi. Mpango wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani, ambao hupima kwa panya vitu vinavyodaiwa kurefusha maisha, uliijaribu kurkumini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba panya waliolishwa kurkumini hawakuishi zaidi ya wenzao. Kama panya hakuongezewa siku, binadamu hana sababu ya kuahidiwa miaka. Yale yanayomsaidia mzee kubaki na miguu yake yanajulikana, nayo hayauziki katika chupa: kutembea, kuimarisha misuli ya mapaja, kulala vya kutosha, kudhibiti shinikizo la damu na sukari, na kupunguza uzito uliozidi. Uchunguzi wa wazee wanene wenye maumivu ya goti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Hakuna kijiko cha unga kinachofanya kazi hiyo.

Madhara nayo hayapaswi kufichwa wala kukuzwa. Manjano ya mchuzi yana historia ndefu ya usalama. Mambo hubadilika yanapokuwa kapsuli zilizokolezwa, hasa zilizochanganywa na piperini. Mtandao wa Marekani unaofuatilia ini linaloumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa ini na bidhaa za manjano kati ya mwaka 2004 na 2022; 5 kati yao walilazwa na mmoja alifariki. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na watumiaji, lakini kwa aliyeumia si ndogo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand iliripoti mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye baada ya kuanza bidhaa ya manjano damu yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi, kiwango ambacho huweza kumtoa mtu damu mpaka kufa. Mwenye vijiwe vya nyongo naye yampasa kujihadhari.

Hata unga wa sokoni una jambo lake. Nchini Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walipaka manjano kromati ya risasi ili yang'ae zaidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na mishipa ya damu ya mtu mzima. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikuwa na uchafu huo. Serikali ilipofanya msako, kuwatoza faini wahusika na kuuelimisha umma, mwaka 2021 haikuonekana sampuli hata moja. Fundisho la Bangladesh ni kwamba kiungo huwa salama pale mtu anapokipima.

Yote haya hayana faida ikiwa hayazungumzwi mahali panapostahili. Bibi wa miaka 70 anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda huingia kliniki na kapsuli za manjano mkobani. Hazitaji, kwa kuwa mara ya mwisho alipotaja dawa ya asili alijibiwa kwa cheko la dharau. Daktari huona majibu ya damu yamebadilika, hupunguza dozi ya dawa bila kujua sababu, na mwezi ujao bibi akimaliza kapsuli zake, damu yake huwa katika hatari ya kuganda. Hapo muuzaji aliyetia chumvi na daktari aliyedharau wamefanya kazi moja, na gharama imemwangukia mgonjwa.

Wapo watakaosema njia ya salama ni kuyapiga marufuku manjano yote kwa mgonjwa. Hoja hiyo haizingatii kile ambacho mzee hukitumia badala yake. Aghalabu hununua diklofenaki dukani bila cheti na kuimeza kwa miezi, dawa ambayo huweza kutoboa tumbo, kudhoofisha figo na kupandisha shinikizo la damu. Mtabibu anayekataza kijiko cha manjano na kunyamazia pakiti ya diklofenaki hajamlinda mtu.

Linalohitajika ni swali moja, liulizwe kwa adabu kabla ya kuandika dawa: "Shikamoo, bibi. Nyumbani unatumia nini kingine kulituliza goti?" Akijibu, asichekwe. Anayetumia manjano katika chakula aendelee kwa raha. Anayetaka kapsuli, naye hana maradhi ya ini wala vijiwe vya nyongo na hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda, aweza kuzijaribu kwa wiki chache huku akifuatiliwa, na asipoona nafuu aache. Macho yakigeuka rangi ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mwili ukiwasha, aache siku hiyohiyo na kurudi hospitali. Mazoezi na uzito viwe msingi wa tiba kwa wote.

Vyuo vikuu vya tiba na mamlaka za udhibiti vina deni lao pia. Manjano yanayouzwa katika masoko ya Afrika Mashariki yapimwe kiasi cha kurkumini na madini ya risasi, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili. Wanafunzi wa udaktari wafundishwe kuuliza kuhusu dawa za asili kama wanavyofundishwa kuuliza kuhusu mzio. Mzee akizoea kuulizwa bila kubezwa, ataitoa mwenyewe chupa mkobani na kuiweka mezani mbele ya daktari, na matibabu yake yataanzia hapo.