Kumsaidia aliyetoka jela si kumpa zawadi

Kila Rais anapotangaza msamaha kwa wafungwa, hoja ni ileile, kuanzia kwenye daladala hadi saluni: "Vijana wetu wasiogusa cha mtu hawana ajira, leo aliyekula mvua tano kwa wizi ndiye asaidiwe?" Hoja inachoma kwa sababu nusu yake ni kweli. Ajira ni ngumu, na aliyeporwa bodaboda hajafidiwa na mtu. Inayotugharimu ni nusu ya pili, kwamba kumshika mkono aliyetoka jela ni kumtuza mhalifu.

Wafungwa walio wengi hawafii gerezani. Desemba 9, 2019 pekee, Rais John Magufuli alitangaza kuwasamehe wafungwa 5,533. Watu hao hurudi mitaani kwetu, tupende tusipende. Tunachoweza kuamua ni warudi na nini mkononi.

Mtazame aliyefundishwa kushona viatu Gereza la Karanga, Moshi. Ndani alikuwa fundi: anakata ngozi, anabandika soli, anatoa kiatu kinachouzika dukani. Nje hana cherehani, hana koleo, wala karatasi ya kuonyesha ufundi wake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mwenyekiti wa mtaa anasitasita kumwandikia barua ya utambulisho. Kuku wa jirani akipotea, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Kijiweni tu ndiko hakuna anayemdai barua; huko atapata pa kulala, sahani ya chipsi na mpango wa usiku. Akikamatwa tena tunapiga makofi: si tulisema, mwizi ni mwizi tu!

Kumbe tumejiumiza wenyewe. Tutamlisha na kumlinda tena kwa kodi zetu, na mtu mwingine ameshaporwa. Anayepinga msaada huu kwa jina la walioibiwa anaongeza idadi yao.

Wala hakuna anayeomba sadaka. VETA tayari inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Imfuate na fundi wa gerezani, atoke na cheti chake. Sehemu ya mauzo ya viatu na samani zinazotengenezwa na wafungwa iwekwe akiba kwa jina la aliyezitengeneza, imnunulie vifaa siku ya kutoka. Hilo ni jasho lake. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kijana aliyemaliza kifungo bado ni kijana: akijiunga na kikundi, asiondolewe kwa sababu ya jana yake. Mkopo wenyewe ataurejesha kama wenzake.

Hakimu alimpa miaka mitano, ameimaliza. Mtaa hauna mamlaka ya kumwongezea hata siku moja.