Shangazi na Nguo za Kafa Ulaya

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sawa, lakini ya kununua je, hata kama aliyeivaa mwanzo yuko Milano?

Nina shangazi yangu anayekaa Kilifi mjini. Tangu nipate akili sijamwona akikanyaga soko la mitumba. Nguo zake zilitoka maduka ya Nyali, au Dubai mumewe akisafiri. Ukimtajia mitumba anakunja pua: "Mimi nivae nguo ya maiti?" Maana wazee wetu waliziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe kafa huko ndipo zikatufikia sisi.

Likizo ya Aprili alikuja kwetu Malindi. Tukiwa sokoni kununua samaki, mvua ikatukamata, tukajibanza chini ya turubai la mama mmoja muuza nguo. Shangazi akashika blauzi ya kitani, akageuza kola, akasoma lebo, kimya. Kumbe ni aina ile ile aliyoinunua Nyali kwa shilingi 7,500! "Hii ngapi?" "Mia tatu na hamsini, na nakupunguzia." Wallahi hakungoja kupunguziwa. Tangu siku hiyo, bwana, hakukaliki.

Sasa ameyajua mambo niliyoyajua mimi tangu darasa la nne. Beli huwa na uzani wa kilo 45 hivi, huletwa kutoka Kongowea au Gikomba ikiwa imefungwa, na muuzaji hununua asichokiona. Nguo bora zinazochaguliwa mwanzo ndizo kamera. Zilizopauka na kutoboka, za mwisho, ni fagia. Shangazi ana nambari ya simu ya yule mama. Beli ikifunguliwa alfajiri, picha zinamfikia Kilifi kabla hajanywa chai. Mama yangu akimaliza kazi zake na kufika sokoni saa nne, anakuta fagia.

Simlaumu muuzaji hata kidogo. Beli ikitoka mbovu, mtaji umekwenda. Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi Agosti, wengi waliuza masalio tu. Mteja anayelipa bila kulia bei ni neema.

Wapo watakaoniambia mitumba ipigwe marufuku kabisa kwani imeua viwanda vyetu. Ni kweli kwamba Kicomi ya Kisumu ilifungwa miaka ya 1990, na Rivatex ya Eldoret ilianguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Lakini mitumba haikuwa peke yake katika mauaji hayo. Hata wakulima wa pamba walicheleweshewa malipo. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba polepole, Kenya ikajitoa mwaka uliofuata. Hilo nawaachia wakubwa.

Langu ni hili: anayenunua kamera aseme amenunua mitumba. Shangazi akiulizwa na mashoga zake husema, "Ah, hii ya Dubai." Huku shuleni, sweta yako ikionekana imefifia, darasa zima linaangua kicheko, "Kafa Ulaya huyo!" Rafiki yangu mmoja alikaa wiki nzima bila sweta, na baridi ya Julai ya asubuhi mnaijua. Aibu yote ameachiwa mwenye fagia, ilhali soko ni lile lile na turubai ni lile lile. Wenye uwezo wangesema hadharani, nani angemcheka mwenzake?

Shangazi, jarida hili likikufikia, nisamehe. Shikamoo. Ila lile gauni la kijani la harusi ya juzi, lililosifiwa na watu wote, tulilinunua pamoja kwa shilingi 400, na kifungo cha nyuma nilikishona mimi.