Walimu wa gololi

Mlima umejifunika mawingu na mimi nina hasira, kwa hiyo mnisamehe nikiwa mkali kidogo.

Kuna kauli imezagaa kati yetu tunaosomea ualimu wa fizikia: "Kwanta ya nini bwana, si tunaenda kufundisha sekondari!" Nakataa.

Tunafundisha kwamba chembe za gesi ni gololi: zinagongana, zinadunda, basi. Kwa hewa ya hapa Moshi inatosha. Lakini kwenye baridi kali, karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, gololi kwisha kazi, chembe zinajionyesha kama mawimbi. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waligonganisha atomu za heliamu zilizosisimuliwa na molekuli za hidrojeni kwenye baridi ya namna hiyo. Kwa gololi, kasi ya mmenyuko ingebadilika taratibu. Wapi! Iliruka juu kwenye nishati fulani tu, pale chembe zilipopenya kizuizi ambacho gololi isingepita, zikazungukana kwa muda mfupi.

Eti ni mambo ya Wazungu? Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi Rukwa, inayotoka ardhini pamoja na naitrojeni. Mtoto wa Sumbawanga akiuliza gesi hiyo ina nini cha pekee, utamjibu maputo? Mbona kwa mgandamizo wa kawaida haigandi hata ukiipoza vipi? Jibu ni kwanta.

Tena hapa hapa mlimani, chuo cha wanyamapori Mweka, alisoma Erasto Mpemba, aliyechekwa shuleni kwa kuuliza kwa nini aiskrimu yake iliyowekwa ya moto iliganda mapema. Mwaka 1969 alichapisha makala na Dk. Denis Osborne. Leo wanafizikia wanachunguza athari ya Mpemba hadi kwenye kwanta. Waliomcheka waliridhika na walichokariri, nasi tunajiandaa kuwa kama wao.

Sisemi kidato cha pili wapigwe hesabu za Schrödinger. Nasema mwalimu ajue gololi zinaishia wapi, na mtoto akiuliza aambiwe ukweli badala ya "kaa chini".

Nawasilisha. Anayebisha aje na hoja, kucheka hakuhesabiki.