Kura ya Ruiru na Kura ya Lamu Mashariki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina ahadi ambayo haitajwi sana majukwaani: kwamba kura ya raia mmoja itakaribia uzito wa kura ya mwenzake. Kifungu cha 89 kinaagiza maeneo bunge yote 290 yawe na idadi ya wakaazi inayokaribiana. Tofauti ya hadi asilimia 40 juu au chini ya wastani inaruhusiwa mijini na katika sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko.

Tuipime ahadi hiyo kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296. Tukigawanya kwa 290, wastani ni takriban watu 164,000 kwa kila eneo bunge. Kwa sensa hiyo, Ruiru ilikuwa na watu 371,111, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258. Kila upande una mbunge mmoja. Kwa maneno mengine, sauti ya mkaazi mmoja wa Lamu Mashariki ina uzito wa sauti za wakaazi zaidi ya 16 wa Ruiru. Na si suala la sauti tu. Kwa miaka mingi fedha za maendeleo ya maeneo bunge zimegawanywa kwa kuangalia zaidi idadi ya maeneo kuliko idadi ya watu, hata karo za wanafunzi maskini zikaathirika.

Hali hii ina chanzo. Katika mapitio ya mwaka 2012, Katiba ilikataza eneo bunge lolote lililokuwapo lisifutwe. Hivyo maeneo 27 yaliyopungukiwa na watu yakanusurika. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza pekee. Mapitio yafuatayo yalipaswa kukamilika ndani ya miaka 12, yaani kufikia Machi 2024. Wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

Wanafunzi wangu hunihoji: je, si dhuluma kuwanyang'anya Wabajuni wa visiwa vya mbali mbunge wao? Swali hili lina uzito, na Katiba yenyewe inaruhusu jiografia, historia na utamaduni kuzingatiwa. Hata hivyo, inaweka kikomo. Mizani ya walio wachache imewekwa kwingine: katika Seneti, Kaunti ya Lamu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa sawasawa na Nairobi, na ina serikali yake ya kaunti pamoja na mgao wake wa fedha. Bunge la Taifa nalo liliundwa kwa msingi wa watu. Tukiiga Seneti katika mabunge yote mawili, yule wa Ruiru atasikika wapi?

Wapo wanaotaka tuongeze viti ili asipoteze yeyote. Mswada wa BBI ulijaribu kuongeza maeneo bunge 70, na mahakama zikaukataa mpango huo, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Kuongeza viti bila kugusa vilivyopo ni kuukwepa ugonjwa na kumwongezea mlipa kodi mzigo.

Naona njia ni moja. Kwanza, mzozo wa takwimu za sensa katika kaunti za kaskazini mashariki utatuliwe kwa uwazi, maana mipaka iliyojengwa juu ya hesabu isiyoaminika haitadumu. Pili, tume ichapishe mapema ramani, takwimu na sababu za kila mstari. Tatu, wananchi wajitokeze kwenye vikao vya maoni, wasiwaachie wabunge, kwa sababu mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa kisu ni kalamu ya kuchora mipaka.

Kwa watumishi wa umma na wanaharakati wanaosoma haya, kazi hii haina shangwe za kampeni. Lakini hapa ndipo uchaguzi huamuliwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Asiyekuwapo na lake halipo.