Timu mpya ianze na viti, si na usajili

FEBRUARI 2015 tajiri mmoja wa Marekani, Bill Foley, alianza kuwauzia watu wa Las Vegas tiketi za msimu za timu ambayo haikuwepo. Haikuwa na jina, haikuwa na jezi, haikuwa na hata mchezaji mmoja. Tena ilikuwa timu ya hoki ya barafu, katika mji uliojengwa jangwani.

Wengi walicheka. Las Vegas ni mji wa kasino na wageni, watu wakasema, nani ataacha meza ya kamari akaangalie watu wakiteleza kwenye barafu? Mji huo ulikuwa haujawahi kuwa na timu hata moja kwenye ligi nne kubwa za Marekani.

Foley hakubishana na mtu. Alitaka watu 10,000 waweke malipo ya awali ya tiketi, na alipowapata ndipo akapeleka maombi rasmi kwa wenye ligi.

Shabiki wa soka wa hapa nchini anaweza kuuliza hoki inamhusu nini. Inamhusu, maana swali la kupeleka timu kwenye mji mpya ni lilelile, uwanja uwe wa nyasi au wa barafu: timu ni ya nani, ya mwenye fedha au ya mji?

Ligi ya hoki ya NHL haina kupanda wala kushuka daraja. Mji usio na timu hauwezi kuanzia ligi ya wilaya ukapambana hadi juu. Lazima wamiliki wa klabu zilizopo wakubali kuongeza timu au kuhamisha iliyopo, na hawakubali bure.

Juni 22, 2016 Las Vegas ilikubaliwa kwa ada ya dola milioni 500. Hiyo ni ada ya kuingia tu, wala haikununua mchezaji. Seattle, iliyokubaliwa Desemba 2018, ilitozwa dola milioni 650.

Mkwanja huo ni mrefu na unawafungia nje wengi. Lakini fedha peke yake haikutosha. Kabla ya kukubaliwa, Las Vegas ilikuwa na vitu viwili mkononi.

Cha kwanza ni watu, wale walioweka fedha zao mapema. Seattle nako ilikuwa hivyohivyo, Machi 2018 malipo ya awali ya tiketi 10,000 yalitimia ndani ya dakika 12.

Cha pili ni uwanja. T-Mobile Arena, wenye viti zaidi ya 17,000 kwa mechi ya hoki, ulifunguliwa Aprili 2016, miezi miwili kabla ya ligi kusema ndiyo. Timu haikwenda kuhangaika kutafuta pa kuchezea, ilikuta nyumba imeshapauliwa.

Halafu ligi yenyewe ikatoa cha tatu, nafasi ya kushindana. Kila moja ya klabu 30 zilizokuwepo iliruhusiwa kuwalinda wachezaji wachache, waliobaki wakawekwa mezani, na Vegas Golden Knights ikachukua mmoja kutoka kila klabu.

Humo ndimo alimopatikana kipa Marc-André Fleury, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara tatu na Pittsburgh. Humo pia akatoka William Karlsson, aliyekuwa amefunga mabao sita tu msimu uliotangulia kule Columbus. Msimu wake wa kwanza Las Vegas alifunga 43.

Ilikuwa timu ya waliokataliwa, na wenyewe walijiita hivyo bila aibu.

Lakini kilichoifunga timu ile na mji wake hakikuwa mabao. Usiku wa Oktoba 1, 2017, siku chache kabla ya msimu kuanza, mtu mwenye silaha aliwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki Las Vegas. Watu 58 walihesabiwa kufariki katika siku zile za mwanzo.

Oktoba 10 ikaja mechi ya kwanza ya nyumbani. Matangazo ya biashara yaliondolewa kwenye kuta za uwanja. Wachezaji waliingia barafuni pamoja na polisi, wazima moto, madaktari na wauguzi waliookoa watu usiku ule. Beki Deryk Engelland, aliyekuwa mkazi wa mji huo kwa miaka mingi, alishika kipaza sauti akazungumza na majirani zake.

Mechi ilipoanza, Engelland huyohuyo akafunga bao. Golden Knights ikaichapa Arizona 5-2, na kabla msimu haujaisha ikaistaafisha jezi namba 58 kwa heshima ya waliokufa.

Tangu usiku huo hakuna aliyeuliza tena kama Las Vegas ni mji wa hoki. Timu ilifika fainali msimu wake wa kwanza ikafungwa na Washington, na mwaka 2023, msimu wake wa sita, ikatwaa Kombe la Stanley kwa kuifunga Florida. Mchezaji bora wa mtoano alikuwa Jonathan Marchessault, ambaye Florida hiyohiyo ilimwacha bila kumlinda mwaka 2017.

Asije mtu akadhani kila mji mpya unapata harusi kama hiyo. Atlanta imepewa timu ya NHL mara mbili na mara zote mbili imeipoteza. Ya kwanza ilikwenda Calgary mwaka 1980, ya pili ikahamia Winnipeg mwaka 2011 baada ya wamiliki wake kuvutana mahakamani wenyewe kwa wenyewe kwa miaka. Watoto waliokuwa wamevaa jezi zile hawakuwa na kosa lolote.

Arizona yalikuwa mambo ya nyumba ya kupanga. Kuanzia 2022 timu ilicheza kwenye uwanja wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000. Mei 2023 wapigakura wa mji wa Tempe wakakataa mradi wa uwanja mpya, na Aprili 2024 wachezaji na makocha wakahamishiwa Salt Lake City.

Winnipeg nayo ni funzo. Timu yake iliondoka mwaka 1996, mji ukakaa miaka 15 ukilia. Ilipopata nyingine mwaka 2011, wamiliki hawakuanza na mbwembwe za usajili. Waliwaambia watu wanunue kwanza tiketi 13,000 za msimu, na za mauzo ya wazi ziliisha kwa dakika chache tu.

Sasa turudi nyumbani. Soka la Tanzania lina utajiri ambao NHL haina, mji wowote unaweza kuanza chini na kupanda. Lakini njia hiyo ni ndefu, na wenye fedha wamegundua njia ya mkato, kuchukua timu iliyoko juu tayari na kuibadilishia jina au mji.

Ihefu ya Mbarali, Mbeya, ilihamia Singida mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars, na Mbarali ikabaki bila timu yake ya Ligi Kuu. Singida nako, ile Big Stars ilikuwa imegeuka Singida Fountain Gate mwaka 2023, na mwaka uliofuata Fountain Gate ikahamia Babati, Manyara.

Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kutaka mafanikio, na mwekezaji si adui. Singida ina haki ya kuona soka la juu kama Mbeya, na Babati vilevile. Klabu bila fedha haiendi popote, hilo kila shabiki analijua.

Tatizo ni mpangilio. Timu inatua mjini na basi jipya na wachezaji wa kigeni, halafu ndipo watu wa mji wanaambiwa waipende. Matokeo yake uwanja unajaa siku Simba au Yanga inapokuja, na waliojaa wamevaa jezi za mgeni. Wiki inayofuata majukwaa ni matupu.

Anayekuwa shabiki lazima awe na uhakika kwamba timu itakuwepo mwakani. Baba hawezi kumnunulia mwanawe jezi ya timu inayoweza kuamka kesho na jina jingine katika mkoa mwingine.

TFF na Bodi ya Ligi wana nafasi ya kuliweka sawa jambo hili, wala hawahitaji dola milioni 500. Kabla ya klabu kuruhusiwa kuhama, mwenye timu aulizwe maswali matatu. Wanachama na wanunuzi wa tiketi za msimu katika mji mpya ni wangapi, kwa majina? Mkataba wa uwanja ni wa miaka mingapi? Na mji unaoachwa unabaki na nini, angalau timu ya vijana au haki ya jina lake?

Atakayeshindwa kujibu aanzie chini kama wengine. Ligi ipo, daraja la kupanda lipo.

Foley aliuza kiti kwanza, mchezaji akaja baadaye. Mwenye timu anayeona aibu kuwaomba watu 1,000 wa mji wake wanunue tiketi kabla ya msimu, basi bado hajapata timu, amepata wachezaji tu.