Usiuze kabureta kwa jina la gari

Mteja wa Arusha akimpigia simu muuza spea wa Nairobi na kusema, "Kaka, natafuta kabureta ya Datsun 240Z," jibu la haraka huwa ni bei. Hapo biashara imeshaanza kuharibika. Bei inapaswa kuja mwisho. Kwanza aulizwe: ni ya mwaka gani, ni moja au jozi, na imepigwa namba gani mwilini?

Nimeichagua 240Z kwa makusudi. Ni gari la Japani, lakini sifa yake ilipatikana kwenye vumbi letu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeiwakilisha Kenya, akashinda nalo tena baada ya kulingana adhabu na Harry Källström wa Datsun 1800. Tangu mwaka 2003 mashindano ya East African Safari Classic yameyarudisha magari ya aina hiyo njiani, na mara kadhaa yamevuka hadi Tanzania. Kwa hiyo soko lipo. Ni dogo, ila mteja wake analipa vizuri, na akidanganywa hasahau.

Sasa tuangalie chuma chenyewe. Injini ya gari hili, L24, ina silinda 6 na ujazo wa cc 2,393. Inavuta hewa kupitia kabureta mbili za Hitachi zilizoundwa kwa mtindo wa SU ya Uingereza. Kila moja ina kuba juu, na ndani ya kuba kuna pistoni ndogo inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, ikiwa imebeba sindano inayopimia petroli njia yake. Za miaka ya mwanzo zina kuba la mviringo. Magari ya mwaka 1973 yaliyouzwa Marekani yalifungwa nyingine, bapa juu, kwa sababu ya sheria za moshi za huko. Hizo bapa zilisumbua injini ikishika moto, na wenye magari wengi walizing'oa wakarudishia zenye kuba. Zilizong'olewa hazikutupwa zote. Ukiagiza mtumba wa Marekani kwa jina la gari tu, unaweza kuletewa hizo, na aliyekuuzia hakukudanganya, maana kweli ni za 240Z.

Hata zenye kuba hazifanani zote. Kuna za skrubu 4 na za skrubu 3, na vifaa vyake usivihamishe ovyo. Ya mbele na ya nyuma nazo zinatofautiana, hivyo mtu mwenye mbili za mbele hana jozi. Kuba na pistoni yake huenda pamoja tangu kiwandani. Ukichukua kuba la hii na pistoni ya ile, pistoni inaweza kukwama, na gari litakosa nguvu mlimani. Ndiyo maana sipendi kabisa kabureta zilizounganishwa kutoka magari mawili, zikasafishwa zikang'aa, kisha zikawekwa mezani kama seti.

Kuna jambo la hatari zaidi. Katika injini hii njia ya hewa na njia ya moshi ziko upande mmoja, na bomba la moshi liko chini ya kabureta. Boya likitoboka au vali ya bakuli ikishindwa kuziba, petroli inamwagika juu ya chuma cha moto. Kabureta mbovu hapa inaweza kuteketeza gari zima.

Halafu mpaka wetu una kitu ambacho wauzaji wengi hawakiwazi: mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo fundi mzuri wa huko hupunguza petroli. Kabureta hiyohiyo ikifungwa Dar es Salaam au Mombasa bila kurekebishwa, hewa inakuwa nyingi kuliko petroli, injini inachemka, na pistoni zinaweza kuungua. Ukitoa ya pwani ukaipeleka Kigali, gari litatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama lori. Muuzaji anayemwambia mteja, "Hii ilikuwa inafanya kazi Nairobi, sindano yake ni hii," amemuuzia kitu cha ziada bila gharama yoyote.

Wengine huachana na Hitachi wakafunga Weber 40 DCOE tatu. Hapo 40 ni milimita za kipenyo cha mlango wa hewa, na tarakimu zinazofuata zinaonyesha ni toleo gani. Jeti iliyoandikwa 135 ina tundu la milimita 1.35. Kopi zake ni nyingi na kwa macho zinafanana sana na zenyewe. Sisemi kopi isiuzwe. Iitwe kopi, iwe na bei ya kopi, na risiti iseme hivyo.

Risiti inatufikisha mpakani. Wafanyabiashara wadogo wengi wanakijua cheti rahisi cha uasili, cha mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa za ndani ya Jumuiya. Kabureta ya Japani au Italia haimo, hata kama imekaa kwenye banda la Nairobi miaka 40. Itangaze kama ilivyo: spea ya injini ya petroli, kifungu 8409.91, iliyotumika, pamoja na risiti ya kununulia na ya ushuru uliokwisha kulipwa, kama ipo. Wakubwa wa Jumuiya nao wana deni kwetu. Mtu mwenye spea moja kuukuu mfukoni hapaswi kupitia karatasi zilezile za mwenye kontena. Urefu wa shughuli hiyo ndio unaofanya vipuri vivuke ndani ya vifurushi vya mabasi bila karatasi, na kikifika kisicho chenyewe, mnunuzi hana hata pa kuanzia kudai.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, omba picha: namba ya injini, kabureta ya zamani juu na pembeni, skrubu za kuba, namba zote zilizopigwa. Uliza gari linaendeshwa mji gani. Ukiona huna yenyewe, sema huna. Mara nyingi mwili wa Hitachi aliyonayo mteja bado ni mzima, ila matundu ya shafti yamelika na yanaingiza hewa, gasketi zimekauka, na sindano imeisha. Muuzie gasketi, sindano na vali mpya, umwelekeze kwa fundi wa mashine ya kukereza amwekee bushi. Faida yako itakuwa ndogo kuliko ya kuuza jozi nzima, lakini kabureta sahihi ya gari lake itakuwa ileile aliyokuwa nayo.